Kiti ya Kando ya Mama Mukwe

Cikuru aliishi lupango moja, uwanja mumoja wa nyumba, na mama mukwe wake miezi saba, na kama polisi ingemuita aje kumutambua, angeomba kwanza bamuonyeshe miguu. Uso hakuujua. Miguu aliijua sawa vile padri anajua misa.

Musimucheke haraka. Kwetu mutu anaheshimu mama mwenye alimuzalia bibi, muke wake. Hamuangalii mu macho, hamugusi mukono, hakuli mbele yake. Huyo mama akipita, weye mukwe unainamisha kichwa, ao unajificha nyuma ya manguo yenye kuanikwa, unangojea apite. Cikuru ni Mushi wa upande wa Bukavu, bibi yake Uwitonze ni wa Rutshuru, na hawa wawili banaweza kubishana tangu asubuhi juu ya chumvi kiasi gani inaingia mu sombe, majani ya muhogo. Lakini juu ya mama mukwe, hakuna ubishi: inamisha kichwa.

Mama Mukamurenzi, mama ya Uwitonze, alikimbia vita ya Rutshuru, akakuya na furushi moja ya manguo na goti moja ya kuume yenye haikunjiki. Alianguka zamani ku shamba, goti ikapona namna ilitaka yenyewe. Tangu hiyo siku, mama akikaa, muguu wake unabakia mbele, umenyooka sawa bunduki ya askari ku défilé, siku ya gwaride. Akikaa fasi yenye batoto banacheza, banauruka.

Muchana, mu lupango ile ya Katoyi, balikuwa banabakia wawili tu. Uwitonze anauzisha samaki ku soko ya Virunga. Mutoto wao Bénie anaenda masomo. Cikuru yeye anatumika nyumbani, ju ya kazi yake ni kuchonga chukudu, bile byombo bya mbao bya magurudumu mbili, byenye binabeba mizigo ya muji huu wote ku mugongo. Sasa, batu wawili benye hawawezi kusemeshana, ndani ya lupango moja, muchana muzima, banafanya namna gani? Mama Mukamurenzi alipata dawa. Alisemesha kuku.

"Wee kuku, ambia mukwe wangu mvua inakuya, mbao yake italowana."

Na Cikuru, macho chini: "Kuku, ambia mama aksanti sana, naziondoa sasa hivi."

Kuku ilikuwa inakula siafu na haikuambia mutu kitu. Lakini mbao ilikuwa inaondolewa.

Mambo ilienda vile muzuri mupaka confirmation ya Bénie, ile kipaimara. Ku paroisse yetu, muzee padri mwenye askofu anatuma anakuya mara moja ku mwaka. Kila mutoto anasimama na marraine wake, mama musimamizi, na marraine anaweka mukono ya kuume ku bega ya mutoto wakati ya kupakwa mafuta. Marraine hayuko? Mutoto anarudi ku banc, anangojea mwaka yenye kukuya. Padri haangalii machozi. Na Bénie alikuwa ameandikisha jina ya nani? Tate wake Mukamurenzi, mama ya mama yake. Uwitonze akamuambia:

"Bénie, chagua mama mwenye goti yake inakunjama."

"Mama, nimechagua mutu, sikuchagua goti."

Ni mutoto ya Cikuru ule. Akikauka, hapindwi tena.

Basi ilibakia kujua mama atafika ku kanisa namna gani. Na moto, ile pikipiki? Muguu utabakia njiani, utaangusha batu. Gari? Gari haiingii ku avenue yetu, volcan, ule mulima wa moto, ilitutengenezea ile barabara na mawe yake na haikurudi kuipanga. Kumubeba ku mugongo? Mwanaume mwenye nguvu mu ile nyumba ni mumoja tu, na huyo hana ruhusa ya kumugusa ata na kidole. Cikuru akakusanya roho, akasimama mbele ya kuku, akasema kwamba yeye ni fundi, anaweza kutengeneza chukudu ya mupya, ya kulainishwa muzuri, mama akae juu.

Jibu ikarudi palepale:

"Kuku, ambia mukwe wangu, chukudu inabeba makala na mashu. Mimi si shu."

Shu ni kabichi, na ile neno iliingia Cikuru fasi ya ndani. Miaka kumi na tisa anachonga chukudu! Siku mbili hakushika tezo. Siku ya tatu akaanza kuangalia kinga yake.

Hiyo kinga, nyie hamuijui, acha niwaambie. Ilikuwa baisikeli yenye kuzaliwa na baisikeli tatu zenye zilikufa. Shingo ya moja, mugongo ya ingine, magurudumu ya ya tatu. Mikono ya chuma haikumupendeza, akaitosha, akaweka mikono ya mbao ya mukaratusi, pembe mbili kubwa sawa za chukudu. Ukiiona inakuya unafikiri ni ngombe yenye kuvaa miwani. Cikuru alikuwa anaipaka mafuta kila jumamosi, na Uwitonze alikuwa anasema kama angekuwa na chaine, ule munyororo, naye pengine angepakwa.

Wazo ya Cikuru ilikuwa hii: kuunga kiti kando ya kinga, upande wa kuume, na gurudumu yake ya tatu. Mama anakaa ndani, muguu unanyooka mbele bila kusumbua mutu. Hagusi mukwe, mukwe hamugusi. Na si chukudu.

Akaenda Murara, kwa Buhendwa, soudeur, fundi wa kuunga chuma, mutu mwenye kusema sawa anapiga nyundo.

"Huyo mama ni kilo ngapi?" Buhendwa akauliza.

"Sijui."

"Ni munene ao mwembamba?"

"Sijui."

"Cikuru! Uko naye miezi saba!"

"Buhendwa, weye unajua kipimo ya kiuno ya mama mukwe wako?"

Buhendwa akaangalia chini. Hakuijua.

"Sasa uliza bibi yako."

"Nimuulize Uwitonze matako ya mama yake ni mètre ngapi? Unataka nilale kwako?"

"Hapana, kwangu hakuna fasi," Buhendwa akajibu mbio. "Tufanye hesabu na yenye unajua. Unajua nini?"

"Miguu."

"Miguu ni numéro ngapi?"

"Quarante-trois."

Buhendwa akapiga mufilimbi. Mama wa arobaini na tatu! Na sauti? Cikuru akasema sauti ni nzito, akisemesha kuku, mabati inatetemeka. Bakakaa chini, bakapiga hesabu na kipande ya makala ku mulango. Miguu ya quarante-trois, sauti ya mabati: haikuwezekana ikuwe chini ya kilo mia.

Sasa mi niwaambie kitu yenye avenue muzima ilijua, ila Cikuru. Mama Mukamurenzi ni kamama kadogo. Ukimuweka ku munzani na manguo yote na rozari, kilo trente-huit, haifiki ata makumi ine. Ile biatu ya quarante-trois ilikuwa ya muzee wake, marehemu. Alisema bwana aliacha biatu bizima, bilimufikisha mupaka huku, kwa nini abitupe? Alikuwa anajaza soksi tatu tatu ndani. Na sauti, sauti Mungu alimupa tu, alichanganya mafurushi.

Mutaniuliza: weye uliona Cikuru anatengeneza kiti ya tembo, mbona hukusema? Ndugu zangu, mutu haharibu cinéma mbele ianze.

Bakaanza kazi. Chuma ilitoka ku kitanda ya zamani. Gurudumu ya tatu Cikuru aliipata Majengo, ilikuwa ya brouette, toroli ya mukono, akaivalisha pneu, mupira wa inje. Chini mbao, kando manjanja, ile mabati ya nyumba, akaikunja pembeni ili isikate mama. Mbele akaacha fasi ya wazi, ndefu, ya kuweka muguu, na juu yake ubao mumoja wa kushikwa na boulons mbili, bisumari bya kukaza, ili muguu usiruke ku mawe. Akapima upana wa kiti na magunia mbili ya biazi ya Masisi, kilo cinquante na cinquante, mia nzima, kukaa bega kwa bega. Biazi bikatosha muzuri. Batoto ba avenue bakakuya kuangalia, bakaita ile kitu mutumbwi, na jina ikabakia.

Safari ya kwanza, na biazi ndani, ilikuwa ya aibu. Mutu mwenye kuzoea chukudu anapinda na mwili: anainama, chukudu inafuata. Cikuru akainama. Kinga haikuinama. Ina miguu tatu sasa, itainamia wapi? Ikamuvuta kuume, kuume, kuume, mupaka mu beseni ya beignets, maandazi, ya mama mumoja pembeni ya njia. Tulikula beignets ile siku, ya mafuta na ya vumbi.

"Papa Cikuru!" yule mama akalalamika, "hiyo mutumbwi yako haikuona ziwa iko kule chini?"

Lakini Cikuru si mujinga. Akarudi Murara, bakakata, bakaunga tena. Ile gurudumu ya kando bakaiangalisha ndani kidogo, sawa binti mwenye haya. Na kinga yenyewe bakaiinamisha kushoto kidogo, ili kilo mia ikiingia ku kuume, yote isimame wima. Safari ya pili, na biazi, ilienda sawa mushale. Cikuru aliachilia mikono, akapiga makofi, akaimba. Biazi pia ilifurahi.

Kitu ya mwisho ilikuwa heshima. Mukwe juu, mama mukwe kando, banaangaliana njia yote? Haiwezekani. Uwitonze akashona rideau, pazia ya kitenge, manjano na mandege ya bluu, bakaitundika ku fimbo tatu kati ya kinga na kiti. Uwitonze aliona ile kiti mukubwa sawa kitanda, akafikiri bwana wake anatukuza mama yake. Aliguswa sana. Ile wiki Cikuru alikula nyama mara mbili, na hakujua ni ju ya nini.

Dimanche, siku ya confirmation, ikafika. Uwitonze na Bénie balitangulia ku kanisa na miguu, mbele ya saa mbili. Misa ni saa tatu. Tulibakia mi na majirani wanne wa kusukuma mupaka ku goudron, ile barabara ya lami. Cikuru akavaa koti, akapanda ku kinga, akageuza uso kwa ukuta sawa inavyoombwa. Bamama ba jirani bakamuingiza mama Mukamurenzi.

Aliingia, akapotea.

Kabisa. Tuliona kitambaa ya kichwa tu, chini kule. Bakatafuta mousse ya matelas, ile sponji ya godoro, mito ine, blanketi, bakajaza kushoto, bakajaza kuume, sawa mutu anapakia mayai. Muguu ukaingia mbele, ubao juu, boulons zikakazwa. Kiatu moja ya quarante-trois ilitokea mbele ya mutumbwi sawa phare, taa ya gari.

"Kinga," ile sauti ikatoka ku shimo, "ambia mukwe wangu niko tayari."

Tukasukuma. Ku mawe ilienda polepole, ikiruka, na kila jiwe tulisikia mama anataja mutakatifu. Kufika ku goudron, Cikuru akakanyaga pédale na nguvu ya kilo mia. Ilikuwa kilo trente-huit. Kinga ikaruka! Cikuru akageuza uso mbio, akatuuliza:

"Mama ameingia? Ama tumemuacha?"

"Niko hapa!" ikajibu sauti. "Kinga, muambie niko hapa!"

Sisi tukafuata mbio na miguu. Sasa ile goudron inashuka, munaijua, na chini inapinda kuume kwenda ku paroisse. Na kinga, mulisikia, ilikuwa imeinamishwa kushoto juu ya kungojea kilo mia. Kilo mia haikukuya. Cikuru alikuwa anaendesha sawa mutu mwenye kulala ku mukono moja. Na nusu ya mutelemko, upepo ya ziwa ikakuya, ikajaza rideau, rideau ikapasuka ku fimbo mbili, ikamufunga Cikuru kichwa muzima. Tuliona mandege ya bluu inaendesha kinga. Moto zikakimbia pembeni. Mutu mumoja wa mikate akaruka mufereji na sinia yake ku kichwa, mukate hata mumoja haukuanguka, mi nilimushangilia.

"Kinga!" mama akapiga kelele, "ambia mukwe wangu..."

Kisha akaona hakuna wakati ya mutu wa kati. Akanyoosha mukono, akashika rideau, akaing'oa.

Bakaangaliana. Cikuru, macho wazi, jasho, na mbele yake, chini mu mito, uso kadogo ka mama, kakunjamana sawa tunda ya kukauka, macho zinawaka. Tulikuwa mbali lakini tulimusikia Cikuru anasema, na sauti ya mutu mwenye bameibia:

"Mama... ni weye?"

"Angalia njia!"

Pale chini kona ilikuwa inakuya. Frein ya Cikuru, breki yake, ni sawa ya chukudu, kipande ya pneu nyuma yenye unakanyaga na kisigino. Inapunguza, haisimamishi. Na kengele ya kanisa ilikuwa inalia, ile ya kuita batoto ku mafuta. Cikuru akakanyaga frein, moshi ikatoka. Gurudumu ya kando ikaanza kuinuka. Kidole moja. Kiganja moja. Mutumbwi ilikuwa inapaa!

"Mama!" Cikuru akalia, na yenye alisema nyuma ya hapo, hakuna mukwe alishaka kusema tangu kabila ya kwanza, "Mama, tupa mwili kuume! Yote! Lala inje!"

Mimi nikafunga macho. Kisha nikaifungua, ju ya kuona.

Mama Mukamurenzi, mwenye miezi saba hakutoka mu lupango, akakamata kingo ya manjanja, akatosha kifua inje, na kichwa, na mikono yote mbili, na rozari, akalala juu ya hewa sawa nguo ku kamba. Gurudumu ikarudi chini: pa! Bakakata kona. Na hapo katikati ya kona, kabla kengele inyamaze, tukasikia kicheko. Kicheko nzito, ya mabati. Ilienda mupaka ku mulango ya kanisa bila kupumua.

"Mukwe!" tukasikia. "Hii kona iko moja tu?"

Ku mulango alikuwa amesimama Théogène, kijana wa protocole, mwenye kupokea batu, na mushipi wa manjano ku kifua. Ndani, padri alikuwa amefika ku jina ya Bénie. Tulimuona kule mbele, robe mweupe, peke yake, anaangalia nyuma. Padri alikuwa amekwisha kuita mara mbili. Cikuru akakimbilia boulons. Clé ya kuzifungua? Ilibakia nyumbani, mu lupango, pale balizikazia. Mama alikuwa amefungwa ndani sawa musumari.

"Kinga haiingii ku kanisa," Théogène akasema.

Mama akainua kichwa.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Théogène, mama."

"Théogène, fungua milango yote mbili."

Nimeshasema juu ya ile sauti. Théogène alifungua milango yote mbili, na pengine angefungua na dirisha.

Bakaingia. Cikuru anasukuma, pembe za mukaratusi mbele, kiatu ya quarante-trois mbele zaidi, mito inaanguka moja moja mu njia ya katikati, na gurudumu ya brouette inalia kwi, kwi, kwi. Chorale ikapoteza wimbo. Njia ilikuwa pana kiasi ya mutumbwi na vidole mbili. Batu benye balikuwa pembeni bakainua miguu.

Padri, mafuta ku kidole gumba, akangojea. Ni muzee, ameona mengi.

"Na hii ni nini?" akauliza.

"Ni marraine yangu, mon père," Bénie akasema.

"Nauliza ile yenye kumubeba."

"Ni papa yangu njo alitengeneza."

Padri akaizunguka polepole. Akagusa manjanja, akainama akaangalia gurudumu, akaona namna ilivyoangalia ndani. Akatikisa kichwa sawa fundi anamuona fundi.

"Marraine, weka mukono," akasema.

Bénie akachuchumaa kando ya mutumbwi. Mama Mukamurenzi akatosha mukono ya kuume katikati ya mito, akaiweka ku bega. Padri akapaka mafuta. Uwitonze, ku banc ya tatu, alikuwa analia na anacheka, na kitenge mu kinywa. Cikuru alisimama, akashika pembe zake mbili, kifua mbele, sawa mutu mwenye kupewa mudali.

Ikabakia kutoka. Njia haikuwa na fasi ya kugeuka, na nyuma yao batoto cinquante benye balikuwa bangali kungojea mafuta. Kinga haina marche arrière, ya kurudi nyuma. Basi tukaikamata nyuma, mi na wale wanne wa kusukuma, na Théogène pia, na mushipi wake, tukaivuta kinyumenyume, mama ameangalia altare, anaona padri anakuwa mudogo zaidi kila hatua. Chorale ikapata wimbo tena, ya mbio. Batu ku mabanc bakanyoosha mikono kumuamkia, naye akaamkia kuume, akaamkia kushoto, na ku kila banc akasema ile ile, na ile sauti:

"Nitarudi! Mungojee, bananigeuza tu!"